Mkono Uliopita Sikio

Siku niliyoota ndoto hii nililala na hasira, nami nawaambia mapema ili msidhani kwamba ninayoyasimulia yalitoka kwenye kichwa kilichotulia. Naitwa Eufrasia Komba, mkunga wa kituo cha afya kilicho huku kwenye milima ya kahawa ya Umatengo, na kwa miaka ishirini na mmoja watoto wa vijiji vitano wamepita mikononi mwangu, wengine wao leo ni wazazi ambao watoto wao pia nimewapokea mimi. Elimu yangu ni ya cheti. Mwezi ule nilikuwa nimeomba ruhusa ya kwenda chuoni kusomea stashahada, na asubuhi hiyo, kwenye kikao cha wafanyakazi wote, mganga wetu mfawidhi, Bwana Ndunguru, aliishika barua yangu kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota kitambaa kichafu, akasema, "Mama Komba, chuo ni cha vijana. Wewe subiri kustaafu, ukalee wajukuu." Watu wakacheka. Waliocheka zaidi ni wale niliowafundisha mimi kufunga kitovu cha mtoto. Nilitaka kujibu, ulimi ukawa mzito. Nikamaliza zamu, nikafika nyumbani saa tisa alasiri, nikajitupa kitandani na sare yangu na viatu vyangu, mvua ikipiga bati, nikapitiwa na usingizi nikiwa nimekunja ngumi.

Nikajiona natembea katika nchi ambayo udongo wake ulikuwa mweupe kama unga wa chaki, na kando ya njia alisimama mwanamke mrefu, mkavu, aliyebeba kaa la moto kwenye kiganja kitupu bila kukunja uso. Nilimwuliza yeye ni nani. "Mimi ni Hasira," alisema kwa sauti ya chini ambayo sikuitarajia. "Umelala nami, basi nitakuongoza. Lakini ujue mapema, mimi nafaa kuwashia jiko tu. Anayenifanya blanketi huungua yeye mwenyewe." Nikamfuata. Hatukwenda mbali tukafika kwenye baraza pana la mzee mnene aitwaye Mazoea, na barazani kwake walikaa watu wengi wa makamo, wamelala macho wazi, kila mmoja akirudia kwa mikono kazi ileile aliyoifanya jana na juzi. Mazoea alinikaribisha kwa upole kuliko mtu yeyote aliyewahi kunikaribisha. "Kaa, dada yangu. Hapa hakuna mtihani, hakuna wa kukusahihisha. Kila unachokihitaji umeshakijua." Akanivutia kiti, nami nikaona kiti kile kimeshabonyea kwa umbo la mwili wangu. Magoti yangu yalianza kukunjika. Hasira akanishika kiwiko. "Huyu na Bwana Ndunguru wamekuchagulia kiti kimoja," alisema. "Tofauti yao ni kwamba mmoja amekuchekea na mwingine amekucheka." Nikaondoka pale kwa haraka, kwa sababu kiti kile nilikuwa nimekitamani.

Mbele yetu palikuwa na ukuta usioonekana mwisho, wenye lango moja, na langoni foleni ya watu wazima: dereva mwenye vidole vyeusi kwa grisi, mwalimu mwenye mvi, mpishi wa shule ambaye aproni yake bado ilinuka moshi. Aliyewapima alivaa nguo nyeupe zilizopigwa pasi, ametupa mgongo, na jina lake lilikuwa Dharau. Aliwapima kwa kipimo kilekile tulichopimiwa sisi utotoni, wakati ambao wengi hatukuwa na vyeti vya kuzaliwa: unapitisha mkono juu ya kichwa, ukigusa sikio la upande wa pili unaanza shule. Ila pale kila mkono uliponyooshwa uliteremka hadi shingoni, naye Dharau alisema bila kugeuka, "Mkono umepita sikio. Umechelewa." Mpishi alirudishwa. Mwalimu alirudishwa, akatembea akiwa ameinamisha kichwa kama mtoto aliyechapwa. Ilipofika zamu yangu nilikataa kunyoosha mkono.

"Tulipokuwa wadogo mikono haikufika," nilimwambia, "tukaambiwa turudi nyumbani tukakue. Sasa mnasema tumekua mno. Siku ya kufaa ilikuwa lini?"

"Ilikuwepo siku moja," alijibu. "Siku hiyo wewe ulikuwa unapalilia kahawa ya baba yako."

Hapo nikainua ngumi. Nisingejuta kumpiga, hata sasa nawaambieni ukweli. Lakini mkono wangu ulishikwa na mwanamke mfupi, mtulivu, aliyelowa mikono yote miwili kama mtu aliyetoka kunawa. "Mimi naitwa Kweli," alisema. "Sikuzuii kumpiga. Nakuomba kwanza umtazame usoni." Nikamzungusha Dharau kwa bega, naye akageuka, na uso ule ulikuwa uso wangu. Nguo nyeupe zilikuwa sare yangu. Na aliyesimama mbele yake, akiomba kupita, alikuwa Sekunda, muuguzi wetu aliyetoka chuoni mwaka jana, amekumbatia ule mfuko wenye alama ambao hutandikwa chini ya mama aliyejifungua ili kiasi cha damu inayomtoka kionekane. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikimwambia, kwa maneno niliyomwambia kweli wodini, "Binti, ondoa mfuko wako. Mimi damu naipima kwa macho tangu wewe hujazaliwa."

Kwa hiyo nalazimika kuwaambia na hili. Siku ile aliyekuwa kitandani ni Oliva, mzazi wa mara ya kwanza, mwenye umri wa miaka ishirini na miwili. Damu iliendelea, nami nikasema ni ya kawaida. Nilipokubali kwamba si ya kawaida, muda ulikuwa umekwenda. Hospitali ya wilaya waliokoa uhai wake, wakaondoa kizazi. Sikumwambia mtu kwamba Sekunda alinionya.

"Kwenye barua yako umeandika unataka kujiendeleza kitaaluma," Kweli alisema. "Hukuandika Oliva."

Nikamgeuzia hasira yote niliyokuwa nayo. "Basi Ndunguru alikuwa na haki ya kunicheka?"

"Hakuwa nayo," alisema polepole. "Alichokufanyia ni uonevu, na uonevu haugeuki haki kwa sababu mwonewa naye amekosa. Una mambo mawili mikononi. Moja lipiganie. Jingine liungame. Ukichanganya mikono, yote mawili yatakuponyoka."

Hasira alisimama kando yangu, na kaa lake halikuzimika. Nikampita yule mwenye uso wangu, nikainama, kwa maana lango lilikuwa fupi, nikajikuta darasani, nimebanwa kwenye dawati la watoto, magoti yamegusa kidevu. Mwalimu alikuwa msichana ambaye sikumjua. Aliuliza jambo moja tu: "Ni nani hapa hajui?" Darasa zima la watu wazima likatazama sakafu. Mkono wangu ulikuwa mzito kuliko mzigo wowote niliowahi kuubeba mlimani, nami nikaanza kuuinua, na nilipoamka ulikuwa umenyooka juu ya kitanda, umekufa ganzi.

Mvua ilikuwa imekatika. Nilielewa kwamba nilikuwa nikimchukia mtu mmoja kwa kosa la watu wawili. Jioni hiyohiyo nilikwenda kwa Sekunda, nikamkuta anachambua maharage. Aliinuka haraka. "Sista, kama ni la zamu, nitakuja mapema kesho." Nikamwambia nimekuja anifundishe ule mfuko, na kwamba kwa Oliva yeye alisema kweli, na nitaliandika hilo. Alikaa chini taratibu, akalia, nami sikumbembeleza kwa sababu sikuwa na haki hiyo. Kesho yake nilimwambia Bwana Ndunguru mbele ya watu walewale kwamba maelezo ya kosa langu na malalamiko juu ya kauli yake yanakwenda wilayani siku moja, katika bahasha mbili. Safari hii ulimi haukuwa mzito. Nilipewa onyo la maandishi, na baada ya miezi saba na barua nne nikapewa ruhusa ya masomo.

Kabla ya kuondoka nilipanda hadi kwa Oliva. Nilimsimulia yote nikiwa nimesimama, kwa kuwa hakunikaribisha kukaa. Alinisikiliza akiwa amembeba mwanawe mgongoni, akaifunga kanga upya, kwa nguvu, mafundo mawili.

"Nenda kasome, Sista," alisema. "Mimi sijakusamehe. Lakini nenda kasome."