Ndara ya Mabrouk

Khelef aliteleza na gunia la mchele kwenye ubao wa kushushia mizigo bandarini Malindi, akaangukia kiuno. Tangu siku hiyo, wiki tatu sasa, kila asubuhi alikuwa akiwaambia wenzake kazini uongo ule ule: nshapona. Mguu wa kulia ulianza kwa kumtambaa, kama sisimizi wanapanda kutoka kisiginoni, kisha ukafa ganzi kuanzia gotini hadi vidoleni. Mkewe, Rahila, alimwambia aende hospitali. Akamjibu kuwa ganzi si maradhi. Ukweli ni kwamba aliogopa. Mchukuzi asiyeweza kubeba, nafasi yake hujazwa siku hiyo hiyo, na Mabrouk, kiongozi wa kundi lao, hakuwa mtu wa kubembeleza wagonjwa.

Ijumaa akaenda kuswali. Mlangoni mwa msikiti ndara zilikuwa za buluu tupu, lakini watu hawazichanganyi: ukitia mguu tu unajua hii yangu, hii si yangu. Khelef alitia miguu yake, akarudi nyumbani, akakaa mkekani akala wali wake.

Mara Mabrouk akabisha hodi, ndara moja mkononi, amenuna.

"Umenichukulia ndara yangu ya kulia. Hii yako kubwa, imenivuka mguuni njiani mara mbili."

"Mimi nimevaa zangu."

Rahila akaenda mlangoni kuitazama ndara ya kulia aliyoivua Khelef, akarudi ameishika kwa vidole viwili. Ukanda wake ulikatika zamani, Mabrouk akaushikiza kwa msumari, kama wafanyavyo wengi. Ncha ilikuwa imechomoza juu, nayo ndara imelowa damu.

"Mwenyewe naivaa kwa kuchechemea," alisema Mabrouk. "We umetembea nayo mpaka hapa?"

Khelef akageuza unyayo. Damu ilikuwa bado inatoka, na mkeka umeingia madoa. Hofu ya kazi ikamtoka, ikaingia nyengine kubwa zaidi.

"Mguu umeanza lini hivi?" akauliza Mabrouk.

Alitaka kusema leo. Rahila alikuwa anamtazama.

"Tangu siku niloanguka. Siusikii, Mabrouk. Hata ukiukata siusikii."

Rahila alipomaliza kuufunga mguu kwa kitambaa, Mabrouk akapiga magoti, akamvisha Khelef ile ndara yake kubwa.

"Shemegi, mshike upande huo, twende hospitali. Magunia yake ntabeba mimi."

Khelef akasimama katikati yao, macho mbele.

"Imeingia?" akauliza.

"Imeingia," alisema Mabrouk.