Picha Kumi na Mbili, Hakuna ya Chini

Gari la shemeji yangu Maduhu lilifika Segese siku ya Jumanne mchana, likitokea bandarini Dar es Salaam. Kabla hajazima injini, watu walikuwa wamekwisha kulizunguka. Lilikuwa pikapu jeupe la milango minne, la dizeli, linalovuta kwa magurudumu yote manne.

"Kilomita elfu sitini na mbili tu," Maduhu alisema huku akishuka. "Huko Japani lilikuwa la mzee mmoja, analitoa Jumapili hadi Jumapili."

"Ulimwona huyo mzee?" Ngassa aliuliza. Ngassa ni mchimbaji, na mdomo wake haufungwi.

"Nimeona picha kumi na mbili."

"Za mzee?"

Watu wakacheka, na Maduhu mwenyewe akacheka. Akatoa simu akatuonyesha. Mbele, nyuma, ubavuni, viti, usukani, saa ya kilomita, matairi, injini iliyooshwa ikang'aa. Nilizitazama zote kumi na mbili. Hapakuwa na hata moja iliyopigwa kwa chini. Niliona hilo, nikanyamaza.

Maduhu ni kaka wa mke wangu, Febronia. Ana karasha mbili, zile mashine za kuponda mawe ya dhahabu, na kiwanja ambacho gereji yangu imesimama ni chake. Miaka sita sasa nafanya kazi pale, na hajawahi kunikumbusha jambo hilo hata siku moja. Labda ndiyo sababu mimi nilikuwa najikumbusha kila siku.

Huku kwetu gari likitoka bandarini, kitu cha kwanza ni kuongezewa springi. Springi zinazokuja na gari ni laini, zimetengenezwa kwa ajili ya watu na lami. Ukipakia mifuko ya mawe, bodi, ile sehemu ya nyuma ya kubebea mzigo, linagusa matairi. Kwa hiyo tunaongeza vyuma vya springi nyuma, kimoja juu ya kingine, hadi mkia wa gari unasimama juu. Nimefanya kazi hiyo kwa magari mengi, sina hesabu yake.

Sikusomea ufundi. Nilijifunza kwa kutazama, kwa kuharibu, na siku hizi kwa video za simu. Kwa hiyo nina utaratibu wangu, na siuruki. Kabla ya kuweka jeki naingia chini ya gari na nyundo ndogo, nagonga chesesi, yale mataruma mawili marefu ya chuma ambayo gari zima limekalia. Nagonga kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia. Chuma kilicholiwa na kutu hakilii, kinatoa sauti ya debe lenye mchanga.

Siku ile nililala chini ya gari la Maduhu, nyundo mkononi. Chesesi yote ilikuwa nyeusi, imepakwa rangi mpya nzito.

"Shemeji," Maduhu aliinama akachungulia, "hiyo nyundo ya nini?"

"Nagonga kidogo tu."

"Unikwaruzie rangi? Tazama wenzetu, hata chini wamepaka! Wewe funga springi. Kesho asubuhi napeleka watu kwenye rashi."

Rashi ni mahali dhahabu ilipolipuka, yaani imegundulika ghafla, na watu wanakimbilia. Hiyo ilikuwa imelipuka upande wa Bukombe, na Maduhu alitaka karasha yake iwe ya kwanza kufika.

Niliweka nyundo chini. Nikafunga vyuma vinne vya ziada kila upande. Jioni gari lilikuwa limeinua mkia, na Maduhu akanishukuru mbele za watu.

Jumatano saa tatu asubuhi waliondoka. Bodi lilikuwa na karasha nzima, injini na mtambo wake, mapipa mawili ya maji, na juu ya mzigo Ngassa na wachimbaji wengine wawili. Ndani alikuwamo Maduhu kwenye usukani na rafiki yake Deusdedit pembeni. Kiti cha nyuma alikaa Febronia na mwenzake Asteria, wamepakata masufuria. Walikuwa wanakwenda kupika chakula cha wachimbaji. Watu saba.

Nikabaki nafagia.

Pale nilipokuwa nimesimamisha stendi za kushikilia chesesi palikuwa na vipande vyeusi. Niliokota kimoja nikidhani ni rangi tu. Upande mmoja kweli ilikuwa rangi. Upande wa pili ilikuwa kutu, tabaka juu ya tabaka, nene kama ganda la mti. Nikakikunja, kikavunjika vidoleni. Nikachukua ile stendi yenyewe. Kichwani mwake palikuwa na unga mwekundu wa kutu uliokandamizwa. Haikuwa imeigusa chesesi tu. Ilikuwa imezama ndani yake.

Niliwahi kusikia kwenye video kwamba kaskazini ya Japani barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi ile hula magari kwa chini. Anayeuza hukwangua kidogo, anapaka rangi nyeusi, anapiga picha za juu.

Na mimi nilikuwa nimelifungia springi ngumu. Springi laini humeza mshtuko. Springi ngumu huiachia chesesi iubebe.

Nikampigia Maduhu. Namba haipatikani. Nikampigia Febronia. Haipatikani. Njia ile haina mtandao hadi upite vilima.

Thobias, kijana wa bodaboda, alikuwa amelala juu ya pikipiki yake mbele ya gereji.

"Thobias, twende. Gari la Maduhu, tulikamate."

"Mkeo kakutoroka?"

"Yuko na kaka yake. Washa."

Alinitazama usoni, akawasha.

Kwa nusu saa ya kwanza hatukuona kitu ila vumbi. Kisha tukafika mahali njia imenyooka na ina mchanga laini, nikamwambia asimame. Gari zima likienda moja kwa moja, matairi ya nyuma hukanyaga palipokanyagwa na ya mbele. Unaona mistari miwili. Hapa iliachana kidogo. Nikapima, vidole vitatu.

"Unasoma nini, fundi?"

"Chesesi inapinda. Mkia haukifuati kichwa."

Mbele kidogo tukamkuta mchunga ng'ombe. Akasema gari jeupe limepita si muda, watu juu wanaimba. Nikashuka tena kwenye mchanga. Nikapima. Kiganja kizima.

"Ongeza mwendo," nikasema.

"Niongeze tufe sisi?"

"Kuna korongo mbele."

Thobias aliongeza mwendo.

Korongo lile linajulikana. Njia inashuka ghafla, inagusa mawe, inapanda upande wa pili kwa kuinua pua. Tulipotokea kwenye ukingo, gari lilikuwa limesimama kwa sababu kundi la ng'ombe lilikuwa linapanda kutoka chini. Ng'ombe wa mwisho alikuwa anapita. Maduhu alikuwa ameshakanyaga klachi.

Niliruka kabla pikipiki haijasimama, nikaanguka kwa goti, nikanyanyuka nikasimama mbele ya gari na mikono yote juu ya boneti.

"Paschal!" Maduhu alitoa kichwa dirishani. "Umeingiwa na nini?"

"Shemeji, watu washuke. Chesesi imeliwa. Inakatika."

"Jana ulifunga springi hukuona. Leo umeoteshwa?"

"Shusha watu. Halafu unitukane."

"Unanitia nuksi mbele za watu! Toka!" Akapiga honi ndefu. Juu ya mzigo Ngassa akasema, "Fundi, wenzio wanawahi dhahabu, wewe unawahi kutu."

Wakacheka. Sauti yangu huwa haifiki mbali, na nilijua hapo kwamba haitawafika. Nikamtazama Febronia kupitia kioo. Alinitazama, kisha akatazama goti langu linalotoka damu. Akafungua mlango.

"Wewe rudi ndani," Maduhu alisema.

"Kaka, huyu mtu huwa hasemi. Akisema, mimi nashuka."

Akamvuta Asteria na masufuria yao. Deusdedit akashuka upande wake, akijifanya anakwenda kujisaidia. Wachimbaji wawili wakaruka. Ngassa alibaki amekalia injini ya karasha.

"Ngassa, mama yako ana mwingine kama wewe?" Febronia aliuliza.

"Hana."

"Basi shuka."

Akashuka ananung'unika.

Nilikwenda kwenye mlango wa dereva. "Tupakue mzigo, shemeji. Tuuvushe kwa mikono."

"Nitavuka peke yangu," alisema kwa upole uliozidi hasira. "Nikifika ng'ambo, utaniomba radhi mbele yao wote."

Aliliteremsha gari korongoni taratibu. Ni dereva mzuri, siwezi kusema vingine. Aligusa mawe ya chini, akabadilisha gia, pua ikaanza kupanda. Hapo ndipo nilipoona mwanga. Kati ya kichwa cha gari na bodi palikuwa na ufa wa mwanga, mwembamba, kisha mpana. Ukafuata mlio mmoja mkavu. Bodi likabaki chini, kichwa kikaendelea kupanda, gari likavunjika kiuno. Injini ya karasha ikakatika kamba, ikasukumwa mbele na mapipa, ikaingia ndani kupitia kioo cha nyuma.

Tulishuka mbio. Dizeli ilikuwa inachuruzika juu ya mawe. Milango yote ilikuwa imekabwa na mabati. Ngassa ndiye aliyefika wa kwanza, akachokonoa kioo cha mbele kwa sululu hadi kikatoka, tukamvuta Maduhu kwa mabega. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevunjika. Vinginevyo alikuwa mzima.

Tulipomkalisha kivulini, Asteria alirudi kuchungulia ndani ya gari. Injini ilikuwa imekaa kwenye kiti cha nyuma, imekijaza chote. Alirudi, akamwonyesha Febronia kwa kidole. Febronia naye akaenda, akarudi.

"Wamenidanganya," Maduhu alisema. "Wale watu wamenidanganya."

"Walikuuzia chuma kibovu," nikasema. "Lakini kwa springi zake za mwanzo kingekufa taratibu, kingekupa dalili. Springi ngumu nimefunga mimi. Na nimezifunga bila kugonga chesesi."

Febronia alinigeukia.

"Wewe hugonga kila gari," Febronia alisema. "Hata baiskeli unagonga. Hili kwa nini hukugonga?"

"Niliona haya."

"Mimi ndiye nilimkataza," Maduhu akasema.

"Sijakuuliza wewe, kaka." Hakuniondolea macho. "Ulituacha tupande, watu saba, kwa sababu ya haya."

"Ndiyo," nikasema.

Akanigeuzia kisogo. Thobias alikuwa amempakia Maduhu kwenye pikipiki, Deusdedit nyuma akimshikilia, wakawahi zahanati. Sisi wengine tulianza kurudi kwa miguu, jua likiwa kichwani. Febronia alitembea mbele na masufuria yote, na kila nilipoongeza hatua nimpokee, naye aliongeza hatua.