Moto wa Mama Mkwe

Mama Mapacha alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya moto akiwa nje ya mkutano, anaongea na simu. Alipotoka ukumbini alikuwa msusi tu, mwenye chumba kimoja cha kusukia, viti viwili na kioo. Aliporudi watu walikuwa wanampigia makofi. Akauliza kulikoni. Katibu wa kijiji akamweleza kwamba jina lake limetajwa na hakuna aliyepinga. Akasema basi anapinga yeye mwenyewe. Katibu akafungua buku lake, akasoma mistari miwili mitatu, akamjibu kwa upole kwamba muda wa kupinga ulikwishapita.

Waliomchagua walikuwa na hoja yao. Kijiji kizima, wake kwa waume, kilipita kwenye viti vyake viwili, na mtu aliyesukwa nusu kichwa hawezi kuinuka akaondoka eti kwa sababu hapendi anachoambiwa.

Kazi yenyewe haikuwa ya mzaha. Yalikuwa majira ya machipuko, ila mwaka ule machipuko yalikuwa ya juu tu. Miti ilikuwa imetoa majani mororo, lakini chini nyasi za mwaka uliopita zilisimama hadi kiunoni, kavu, zikiitikia kila aliyepita. Mvua zilikuwa zimekawia wiki tano. Kila siku baada ya adhuhuri upepo ulishuka kutoka kilimani ukipekua nguo kwenye kamba. Na kijiji cha jirani nyumba sita zilikuwa zimeteketea kwa sababu ya mtu mmoja aliyechoma mabua shambani kwake, kisha akaenda kunywa chai.

Wiki hiyo hiyo afisa misitu alifika kwa pikipiki. Alikuwa binti mfupi mwenye buti zilizomzidi miguu na sauti ya mtu aliyezoea kuongea na watu walio mbali. Alizunguka na Mama Mapacha asubuhi nzima. Alimwonyesha mahali pa kulima mkanda wa kuzuia moto, yaani ukanda mtupu wenye upana wa hatua kumi, usio na hata jani, kati ya nyasi za kilimani na nyumba. Alimweleza kwamba mpaka mvua zinyeshe, hakuna kuchoma kitu chochote nje, na kila nyumba iwe na ndoo ya mchanga, magunia ya kulowesha na matawi mabichi ya kupigia moto. Mwisho wakasimama kwenye kivuli, akahesabu aliyoyaandika kwenye daftari.

"Sehemu mbaya kuliko zote ni mbili," akasema. "Karakana ya yule fundi wa kuchomelea, amezungukwa na nyasi na cheche zinaruka. Halafu lile shimo la takataka la bibi wa kule juu. Analiwasha ukingoni kabisa mwa nyasi."

Mama Mapacha akameza mate. "Fundi ni mume wangu."

"Na bibi?"

"Ndiye aliyemzaa."

Afisa akafunga daftari kwa furaha. "Basi kazi imerahisika. Wote wa nyumbani."

Mama Mapacha akamtazama vidole. Havikuwa na pete. Akamsamehe.

Kwa mume hapakuwa na tabu. Alinung'unika kidogo wakati wa chakula cha mchana kwamba vyuma haviijui kamati, lakini kesho yake alifyeka nyasi zote kuzunguka karakana, akamwaga mchanga, akaweka mapipa mawili ya maji. Tena akatundika rimu kuukuu ya lori kwenye mti ili igongwe kukiwa na hatari. Wateja waliotaka geti zao zichomelewe saa za upepo aliwaambia haiwezekani, siku hizi analala na serikali.

Mama mkwe ndiye aliyemkosesha Mama Mapacha usingizi. Alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu, mwembamba, amenyooka kama msumari. Kila siku saa nne asubuhi, akishamaliza kufagia, alisukumia majani shimoni, akayatia kiberiti, akakaa na kigoda chake akiutazama moto mpaka ufe. Alisema moshi ule unafukuza mbu, nyoka, na wageni wanaokuja bila sababu. Kwa miaka kumi na sita ya ndoa, Mama Mapacha hakuwahi kumpinga kwa lolote, hata kiasi cha chumvi kwenye mchuzi.

Kwanza alimtuma mumewe. Mume akaenda, akarudi baada ya saa mbili akifuta midomo. Alipoulizwa kama amefikisha ujumbe, alieleza kwamba kabla hajafungua mdomo mama aliandaa chakula, na mtu hawezi kumkosoa mzazi huku anatafuna chakula chake. Na baada ya kula? Baada ya kula, akasema, ingeonekana amekuja kula kwanza.

Mama Mapacha akaenda mwenyewe. Alipofika uani ulimi ukawa mzito, akajikuta anazungumzia nyumba sita za jirani. Alieleza nusu saa nzima, akatia na chumvi kidogo. Mama mkwe alisikitika kweli kweli. Akasema dunia ina watu wazembe, akainuka kwenda kutafuta kiberiti chake.

Ikabidi afisa misitu aombwe afike. Yule binti aliingia uani na buti zake, akalisimamia shimo, akalipima kwa hatua, akaeleza hatari zake zote akiwa amelikazia macho lile shimo, akabandika tangazo kwenye mti, akaondoka. Kesho yake saa nne tangazo lilikuwa la kwanza kuungua.

Jumamosi ikafika, siku ya kulima mkanda. Kati ya nyumba arobaini walitokea watu wanne, na mmoja wao alikuja kuangalia tu. Mama Mapacha alipopita dukani kuuliza kulikoni, mwenye duka alimjibu bila kupepesa macho kwamba watu watashika majembe siku atakapouzima moto wa mkwewe. Wateja wengine wakajitia kuchagua sabuni. Alirudi nyumbani na malengelenge viganjani, amenyong'onyea. Uenyekiti wake ulikuwa umekwama kwenye shimo la takataka.

Jumatatu mama mkwe alikuja kusuka, kama alivyofanya kila baada ya wiki mbili. Aliketi kwenye kiti cha karibu na mlango, akafungua kitambaa, akatoa kichwa chenye mvi laini kama pamba. Hapakuwa na mteja mwingine. Mama Mapacha alimpaka mafuta, akamchana, akasuka mstari wa kwanza, akasuka wa pili. Katikati ya wa tatu akapiga moyo konde.

"Mama, naomba usichome takataka tena mpaka mvua inyeshe."

Kitana kikabaki hewani. Kwenye kioo macho ya mama mkwe yalikuwa yametulia juu yake.

"Wiki tatu," mama mkwe akasema. "Wiki tatu unazunguka na maneno mafupi namna hiyo."

"Niliogopa, Mama."

"Umeniletea mwanangu, nikamlisha. Ukaniletea habari za jirani. Ukaniletea na yule binti wa buti, akaingia uani kwangu akalisalimia shimo, mimi mwenyewe nimekaa pale kama kinu. Kwa nini hukuniambia wewe?"

Mama Mapacha akashika tena mstari wa tatu, polepole.

Mama mkwe naye akatazama nje mlangoni, akaanza kusimulia, si kwa haraka. Alisema mwezi wa pili tangu aolewe alichoma majani machache tu nyuma ya nyumba, upepo ukageuka, na moto ukala ghala la mama mkwe wake. Mahindi ya mwaka mzima yaliungua mbele ya macho yao. Yule mama alisimama, akatazama, akaingia ndani kupika uji. Tangu siku ile hakumlaumu wala hakuligusia jambo lile, mpaka anaingia kaburini.

"Watu walimsifu kwa uvumilivu," akasema. "Lakini mimi ningefurahi angenipigia kelele. Ningeomba radhi yakaisha. Utaomba vipi radhi kwa jambo ambalo mwenzako anajifanya halikutokea? Miaka hamsini sasa, moto wowote ninaouwasha nakaa nao mpaka majivu yapoe. Watu wanadhani napenda kuota moto."

Mama Mapacha akaacha kusuka. Akaweka mkono begani kwa yule bibi, na mkono ukapokewa, ukapigwa-pigwa mara mbili.

"Haya, umeshasema, nimeshasikia," akasema mama mkwe. "Sasa malizia kichwa. Na huo mstari wa kushoto umeukaza, unataka nitembee nimekodoa macho."

Alipoondoka alikwenda moja kwa moja kwake. Jioni ile mume wa Mama Mapacha alipopita kumjulia hali alimkuta anafukia shimo la moto. Takataka alikuwa amezihamishia kwenye shimo jipya mbali na nyasi, zimefunikwa udongo uliolowa, ziwe mbolea. Aliombwa apokewe koleo. Akakataa, akasema aliyelichimba atalifukia.

Jumamosi iliyofuata alitangulia watu wote. Mama Mapacha alipofika na jembe lake, jua bado changa, alimkuta bibi ameweka kigoda nyuma ya nyumba ya mwenye duka, pale mkanda ulipotakiwa kupita, naye analima. Analima jembe tatu, anapumzika kwenye kigoda, anainuka tena. Hakumwita mtu wala kumsema mtu. Mwenye duka alipofungua dirisha la nyuma akapokea salamu nzuri sana. Aliulizwa ameamkaje, watoto hawajambo, mgongo wake unaendeleaje. Alijibu yote kwa unyenyekevu, akafunga dirisha, akatoka mbio na jembe mkononi na kandambili zimegeuzana. Jirani yake aliona, naye akatoka. Ilipofika saa tatu walikuwa watu sitini, na wanne wenye panga wametangulia kufyeka. Mama mkwe aliendelea kuwasalimia mmoja mmoja kadiri walivyofika, na kadiri salamu ilivyokuwa ndefu ndivyo aliyesalimiwa alivyolima kwa kasi.

Kabla ya adhuhuri mkanda ulikuwa umetoka barabarani hadi kwenye kijito, mwekundu na mtupu. Katibu peke yake ndiye aliyebaki na kesi. Choo chake cha nyasi kiliangukia upande wa kilimani, akaambiwa akihamishe, akasema atalifikiria suala hilo kiofisi.

Siku ya kumi na moja baada ya hapo, saa nane mchana, moshi ulionekana juu ya kilima. Hakuna aliyejua moto ulianzia wapi. Rimu ililia karakanani, na Mama Mapacha akatoka mbio na kitana kichwani. Mteja aliyekuwa kitini akamfuata, upande mmoja wa kichwa umesukwa vizuri na wa pili umesimama wima. Magunia yalikuwa yamekwisha kuloweshwa. Watu walijipanga kwenye mkanda kama walivyofundishwa, kila mmoja na mita zake, matawi mikononi.

Moto ulishuka na sauti ya mvua inayopiga bati, na kwa dakika chache Mama Mapacha alitamani kweli ingekuwa mvua. Joto lilimvuta ngozi ya uso. Roho ilikuwa juu, miguu inataka kukimbia, lakini kulia kwake alimwona mumewe amesimama na pipa, na kushoto mwenye duka na gunia, akaona aibu kuondoka wa kwanza. Basi moto ukafika kwenye udongo mtupu. Ukajinyoosha, ukatafuta kushoto, ukatafuta kulia, usipate cha kula. Cheche zilizoruka ziliangukia matawi ya watu, wakazipiga mpaka zikanyamaza. Tatu zilidondoka uani kwa mama mkwe. Yeye alikuwa amekataa kuhamishwa. Alikuwa kwenye kigoda na ndoo mbili, na kila iliyoanguka aliizima kwa kikombe kimoja cha maji, bila haraka.

Saa tisa na nusu kulibaki moshi tu. Hakuna nyumba iliyoguswa, wala mtu aliyeumia. Kilichoungua ni choo cha katibu, nacho kiliungua chote, na watu waliangalia pembeni kwa heshima mpaka katibu mwenyewe alipoanza kucheka. Hapo kijiji kizima kikacheka naye, nyuso nyeusi, meno meupe, machozi ya moshi yakiwashuka.

Afisa misitu alipofika kazi ilikuwa imekwisha. Aliukagua mkanda wote, akaandika mengi, kisha akaomba apelekwe kwa yule bibi. Safari hii alivua buti mlangoni, akasalimia kwa kirefu, akakaribishwa chai, akainywa vikombe viwili. Alipoaga alikuwa amepewa na mbegu za maboga.

Mvua zilianza baada ya siku tisa, asubuhi, kwa matone mazito yaliyonukisha udongo. Mama Mapacha alifunga chumba chake cha kusukia akaenda kwa mama mkwe wake, wakaketi kibarazani kutazama mkanda ukilowa. Lazima upandwe kitu kifupi cha kijani, alisema, ili nyasi zisirudi, na yeye anaona karanga. Mama mkwe alisema karanga ni upuuzi, panafaa maharage. Mama Mapacha akasema hapana, Mama, maharage yatakauka mapema, na akatoa sababu tatu. Mama mkwe akamgeukia, akamtazama kwa furaha isiyojificha, akasogeza kigoda karibu zaidi ili abishane naye vizuri.