Msumari wa Kizingitini

Mpimaji hakuwa mvivu, tusimsingizie. Kosa lake lilikuwa la binti anayempenda mama yake. Kiwanda cha umeme kilipoanza kuvuta mvuke kutoka chini ya ardhi, alipewa kazi ya kuangalia kama mtaa unadidimia. Vipimo vyote vilihitaji mahali pamoja pa kuanzia, mahali pasipocheza. Mwamba ulikuwepo kule kilimani, mbali na visima. Lakini yeye msumari wake wa shaba, alama ya kuanzia, akaupigilia kwenye kizingiti cha mama yake, apate sababu ya kupita kila mwezi.

Mama akavimba kichwa. "Dunia nzima inapimwa kuanzia mlangoni kwangu," aliwaambia majirani. Fimbo ya vipimo aliishika mwenyewe, wima, hata nzi akitua puani mwake hatikisiki. Majirani walipolalamikia nyufa, yeye ndiye aliyewajibu: "Acheni kutia chumvi. Mwanangu kapima, hamjazama."

Kisha mlango wake mwenyewe ukaanza kukwama. Binti akacheka. "Ni mbao tu, mama. Hapa ndipo pasipozama."

Mwaka huu mkuu wa kazi alimtaka aanzie kilimani. Mpimaji alirudia hesabu mpaka macho yakamuuma. Msumari ulikuwa umeshuka shubiri nzima, na mtaa umeshuka nao. Ndiyo maana tofauti haikuonekana. Sasa watu wahame, mama kwanza, kwa sababu ukuta wa chumba chake ulikuwa umeachana na msingi.

Alimweleza mama yake jikoni. Mama aliutazama mlango.

"Kwa hiyo mlango ulikuwa unasema kweli."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Ila wale niliowaita waongo, nitawaambia nini?"



Siku ya kuhama hakuna jirani aliyekuja kumbebea mama hata kiti. Vitu vikapakiwa garini, mama akapanda. Kilibaki kipimo cha mwisho cha kizingiti. Mama akashuka garini bila kuitwa, akaichukua fimbo, akaisimamisha juu ya msumari. Mpimaji akainamia darubini yake ya kupimia. Namba za kwenye fimbo zilikuwa zinaogelea.

"Mama, ishike vizuri. Inacheza."

"Haichezi, mwanangu," mama akasema. "Futa macho."