Namba ya Simu ya Apenisa

Siku tovuti ya klabu ya raga ilipofunguliwa, Vasiti Nakalevu alikuwa sokoni Suva, mji mkuu wa Fiji, akichagua mihogo. Muuzaji alimtazama, akaitazama simu yake, kisha akacheka hadi akashika ubavu.

"Dada, kumbe ni wewe? 'Vasiti Nakalevu. Mume: katoroka. Chakula akipendacho: chochote kilicho mezani.'"

Vasiti aliitambua kazi ya Apenisa papo hapo. Tovuti mpya huzaliwa na hifadhidata tupu, na mafundi huijaza kwa mafaili ya mwanzo ili waione inavyofanya kazi. Mafaili ya klabu aliyaandika Apenisa, mwenzake katika ofisi ya kutengeneza tovuti, na wanachama wa majaribio aliwabuni wote isipokuwa huyo mmoja. Siku ya ufunguzi, badala ya kuyaondoa, aliyapakia vilevile. Na mume wa Vasiti kweli alikuwa amekwenda Auckland na mwanamke mwingine.

"Si sisi ni watani?" Apenisa alimwambia. "Kijiji chenu na chetu, tangu enzi za mababu. Usininunie, dada."

Bi Praneeta, mwenye ofisi, alitabasamu, akaagiza jina lifutwe, yaishe.

Lilifutwa, lakini hayakuisha. Kanisani wanakwaya walinyamaza kila Vasiti alipoingia. Mama yake, kwa aibu, akaacha kanisa na kuanza kusali nyumbani.

Vasiti hakununa. Alimchemshia Apenisa chai kama kawaida, akacheka vichekesho vyake, akangoja.

Kiangazi kilipokaza na mabomba kukauka, ofisi ilipata kazi ya kampuni inayosambaza maji kwa malori. Vasiti ndiye aliyekabidhiwa. Akaandika mafaili ya mwanzo: vitongoji, bei, ratiba za malori. Palipohitajika mtu wa kupokea malalamiko, aliandika jina la Apenisa Rokotui na namba yake ya simu, ileile ambayo ukoo wake mzima ulikuwa nayo.

Tovuti ilipofunguliwa, simu ya Apenisa haikupoa.

"Bwana maji, lori liko wapi?" aliuliza mama mmoja wa Nasinu.

"Mama, umekosea namba."

"Wewe si Apenisa?"

"Ni mimi, lakini—"

"Basi maji yako wapi, mwanangu? Au umeyanywa?"

Apenisa alimbembeleza karani wa kampuni, naye akaifuta namba. Asubuhi iliyofuata Vasiti aliyapakia mafaili upya, bei mpya zikaingia, na namba, iliyokuwa bado ndani ya mafaili hayo, nayo ikarudi mahali pake. Karani akafuta tena. Vasiti akapakia tena.

Hatimaye Apenisa akasimama mbele ya meza yake, macho mekundu.

"Itoe, Vasiti. Wananitukania hadi marehemu baba."

"Usininunie, kaka. Si sisi ni watani?"

"Nitamwambia Bi Praneeta."

"Kamwambie. Na mimi nitamweleza mama yangu anasali wapi siku hizi."

Hakwenda. Jumamosi alifika nyumbani kwao Vasiti na baba yake mkubwa, wamebeba furushi la mizizi ya yaqona, inayopondwa kuwa kinywaji cha kuombea radhi. Wakaketi mkekani, vichwa chini. Mzee ndiye aliyenena kwa niaba ya ukoo. Lakini Vasiti akasema hatapokea mpaka Apenisa aseme kwa kinywa chake, na amwelekee mama, si yeye. Apenisa akasema. Alimwomba mama radhi kwa kila neno aliloandika. Mama akaligusa furushi, akapiga makofi ya kupokea, nao wakanywa.

Vasiti alimtazama akimeza, akaona raha ikimshuka kifuani kama maji baridi. Msamaha aliutoa kwa mdomo. Moyoni alitamani amwinamishe kichwa tena.

Jumatatu aliiondoa namba. Alikuwa amechelewa. Kampuni ilikuwa imekwisha kugundua kwamba wateja wake walikuwa wakimlilia mtu asiye na hata ndoo, ikavunja mkataba. Bi Praneeta akamwita.

"Ulifanya makusudi?"

"Ndiyo."

"Watu wamekaa bila maji, Vasiti. Wao walikukosea nini?"

Alimkumbuka yule mama wa Nasinu, na kwa mara ya kwanza akaona aibu. Akafukuzwa kazi siku hiyohiyo.

Alipokuwa akibeba vitu vyake kutoka, Apenisa aliinuka akamfungulia mlango. Vasiti akapita bila kumshukuru. Kwa yule mama alijuta. Kwa Apenisa, hakujuta hata chembe.