Saa Imezaa

"Mtoto wangu si mjinga!" Shemeji Kuno alikuwa anapiga kelele, na kila neno fimbo inagonga dawati. "Nirudishie basi! Aende afuate mbuzi! Mbuzi hawana gredi!"

"Nani amesema mjinga? Nimesema arudi gredi ya kwanza!" Madam Gladys naye si mtu wa kunyamaza. Ni Mpokomo wa hapa hapa chini, karibu na mto, na sauti yake naijua vizuri kwa sababu hata mimi alinifundisha. "Na wewe Baba Fahima, ukimtoa shule, nakuja huko kwenu kumchukua mwenyewe!"

"Njoo! Utakuta mbwa!"

"Mbwa wenu nawajua, hawana meno!"

Mimi nimesimama katikati kama mti. Nilikuwa hapo kwa sababu dada yangu Swaleha, mama yake Fahima, alipeleka maziwa Garsen, akaniambia, "Tahir, wewe si umekaa tu? Fuatana na shemeji yako, akianza hasira umshike." Kukaa tu ndio kazi yangu tangu nimalize sekondari. Nalala nimechoka na kukaa, naamka nimechoka na kulala. Kila siku nasema kesho naenda Mombasa. Sasa kumshika Kuno ndio hiyo kazi mpya, na hata hiyo imenishinda.

Lakini nilikuwa naogopa kweli. Kuno akisema kitu kwa hasira hakirudishi. Kaka yake Fahima alitoka shule hivyo hivyo, baba yake akatamka mara moja tu mbele ya watu, na mpaka leo kijana yuko nyuma ya ng'ombe. Na Fahima anapenda shule, jamani. Huyu mtoto anasoma mpaka maandishi ya pakiti ya majani chai.

Yeye mwenyewe alikuwa kwa dawati la mbele, miguu haifiki chini, anatuangalia kama anaangalia sinema.

"Sasa nikuambie alichofanya," Madam akasema, ameshusha sauti kidogo. "Nimempa asome. 'Babu ana saa. Saa ya babu imepotea. Babu anatafuta chini ya kitanda.' Akasoma vizuri, sikatai. Nikamwuliza, babu anatafuta saa wapi? Unajua alinijibu nini? Ati huyu babu ana wazimu. Saa haiwezi kuingia chini ya kitanda."

"Sasa itaingiaje?" Kuno akauliza.

Madam akamwangalia. "Nikasema labda hajaelewa, wacha nimwulize ya nyumbani. Fahima, kwenu mko na saa? Akasema ziko tatu."

"Ni kweli, ziko tatu."

"Akasema moja imezaa!"

"Na imezaa! Juzi!" Kuno akagonga dawati tena. "Jike! Kwani mtoto amekudanganya wapi? Njoo uone!"

Madam akakaa chini kwa kiti. Akanigeukia polepole, uso wa mtu anayeona familia nzima imeingia maji kichwani. "Tahir," akaniambia, "shemeji yako yuko sawa?"

Mimi hapo nilikuwa nimeshaanza kucheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kuno akafikiri namcheka yeye, akainua fimbo, nikaruka nyuma ya ubao.

"Ngoja shemeji! Ngoja! Madam, kwetu saa ni ng'ombe!"

"Nini?"

"Kwa Kiorma. Saa ni ng'ombe. Umemwuliza mtoto kama tuko na ng'ombe."

Kuno akaangalia saa kwa mkono wa Madam. Akaangalia Fahima. Halafu akaanza kutikisika mabega, mzee mzima, machozi yanatoka. "Chini ya kitanda!" akasema. "Babu anatafuta ng'ombe chini ya kitanda!"

"Hata mimi ningesema ana wazimu," Madam akasema, na yeye akaangusha kichwa juu ya meza, anacheka anajipangusa na leso. "Uwii, nilimpa sufuri! Mtoto ameelewa hadithi kunishinda, nikampa sufuri!"

Fahima hakucheka. Alikuwa amekunja uso. "Kwani hiyo saa ilikuwa ya mkono?" akauliza.

"Ya mkono, mama."

"Basi kitabu kingechora."

Madam akasema hapo kweli. Akatoa kitabu kingine, kile cha kuku aliyetaga ndani ya mkoba wa mwalimu, akamfungulia. "Soma hii. Na ukikuta neno linafanana na la kwenu, niambie, nataka kujua na mimi."

Fahima akasoma. Akafika "mkoba", akasimama. Mimi nikafungua mdomo bila sauti, mko-ba. Akaendelea. Akafika "akashtuka", nikashtuka na mabega ili aone. Madam akasema bila kugeuka, "Tahir, nakuona."

Ukurasa ukaisha. Madam akamwuliza maswali na yeye akajibu yote, mengine Kiswahili, moja Kiorma, mimi nikatafsiri. Madam akamgeukia Kuno. "Huyu harudi popote. Anabaki gredi ya pili. Na Kiorma muongee nyumbani kama kawaida, mumpigie hadithi, Kiswahili atakipata hapa."

Kuno akaweka fimbo chini, akakaa kwa dawati la watoto, magoti yamefika kidevuni. "Basi abaki," akasema. Tamko limetoka, na hilo pia harudishi.

"Na wewe Tahir, unafanya nini siku hizi?"

"Nangoja, Madam."

"Unangoja nini?"

Nikageuka, nikaanza kufuta ubao.

"Basi ngojea hapa, asubuhi. Niko na Waorma wengine kumi darasani na sijui nimewauliza nini mwaka huu wote."

Nikasema sawa. Ilitoka yenyewe, hata Mombasa sikuifikiria.

Fahima akafungua ukurasa wa pili. Nikasogea nyuma ya Madam, mdomo tayari. Akaniangalia, akafunika kitabu na mkono.

"Abti, toka nje. Unanisomea."

"Mjomba wako nimefanya nini?"

"Toka. Nataka kusoma mwenyewe."

Kuno akanyoosha kidole kuelekea nje, anacheka. Nikatoka, nikafunga mlango.