Jumamosi Ijayo Mjini Zabrinka

Siku Keila Zeligman alipochukuliwa, chungu chake cha maharage na shayiri kilikuwa bado katika tanuri la mwokaji mikate, pamoja na vyungu vya mtaa mzima, vikisubiri watu watoke sinagogi. Hinda, dada yake, alikuwa ameandika meza kwa watu wawili kabla ya kutoka nyumbani. Aliporudi peke yake alipakua sahani zote mbili, akala ya kwake, kisha akakaa akiitazama ile ya pili mpaka mafuta yakaganda juu yake.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Shvat wa kalenda ya Kiyahudi, katikati ya baridi, theluji ikifika magotini. Fungu la Torati la juma lile, maana kila juma lina lake, lilikuwa la hukumu: mtumwa atumike miaka mingapi, na ng'ombe akimpiga mtu pembe nani alaumiwe. Halikusomwa, kwa sababu Keila alilizuia.

Desturi yenyewe ni ya zamani. Mtu aliyedhulumiwa, hata awe mjane au mtumishi wa jikoni, anaweza siku ya Sabato kupanda kwenye meza ya kusomea, akaweka mkono juu ya kitambaa chake na kusema, "Hamsomi mpaka mnisikilize." Nao hawasomi. Kwa kawaida watu huitumia kwa ugomvi wa urithi au wa ukuta wa jirani. Keila aliitumia kwa jambo la karakana.

Karakana ilikuwa ya Bwana Getzel Shapnik, mcha Mungu aliyetajirika kwa singa za nguruwe. Singa hufika kwa magunia zikinuka, na wanawake huziloweka, huzichana kwa vitana vya chuma, huzipanga kwa urefu na kuzifunga, zipelekwe kwenye viwanda vya brashi. Hakuna aliyeona tatizo. Sheria imekataza kumla nguruwe, haikukataza kumchana. Kazi ilianza saa kumi na moja alfajiri na kuisha saa tatu usiku, isipokuwa Ijumaa, ambapo Bwana Getzel aliwahi nyumbani kuoga kwa ajili ya Sabato. Vumbi la singa liliingia kifuani na halikutoka. Mama yao Keila na Hinda lilimzika. Sasa Hinda alikuwa akikohoa kikohozi kile kile, kwa sauti ile ile.

Keila alijifunza Kirusi ili asome sheria za nchi, akakuta moja ya malkia wa zamani iliyosema kwamba siku ya fundi isizidi saa kumi na mbili, na mbili kati ya hizo ni za kula. Haikuwahi kufutwa. Ilikuwa tu haijasomwa.

"Saa kumi na mbili," alisema Jumamosi ile, mkono wake juu ya meza. "Dada yangu anakohoa. Nataka Bwana Getzel aseme ndiyo au hapana, hapa, mbele ya Torati."

Bwana Getzel, aliyekaa mahali pake penye heshima kwenye ukuta wa mashariki, alitazama dari kama anayetafuta panapovuja.

"Binti yangu," alisema Mzee Nokhem, msimamizi wa sinagogi, "watu wana njaa. Utajibiwa Jumamosi ijayo. Naahidi mbele ya wote."

"Basi na usomaji usubiri Jumamosi ijayo."

"Na mkono je? Utausahau hapo?"

"Mkono naondoka nao, Mzee. Zuio linabaki."

Mlangoni walikuwapo askari wawili. Hakuna aliyewaita. Kila mtu alisema hivyo, na Bwana Getzel alisema zaidi ya wengine. Keila alikuwa amevaa nguo ya Sabato na viatu vyepesi. Hinda alivua shali yake akamfunga mabegani.

"Nitakurudishia," alisema Keila.

"Ole wako usiporudisha," alisema Hinda.

Akapewa miaka mitatu Siberia, bila kesi.

Jumamosi iliyofuata Mzee Nokhem alifungua gombo la Torati mahali pa fungu jipya, akakuta la hukumu. Alilizungusha mbele, akakuta la hukumu. Walitoa gombo la pili kabatini, nalo vilevile. "Basi tusome hilo hilo, liishe," alisema mtu. Msomaji alifungua kinywa, sauti haikutoka. Alimwuliza jirani yake kama dirisha limefungwa, na sauti ilitoka vizuri. Akarudi kwenye gombo, ikakatika.

"Ni zuio," alisema Rabi. "Bwana Getzel ajibu, tusome, twende tukale."

"Nitajibu, kwa nini nisijibu?" alisema Bwana Getzel. "Lakini Rabi, hili ni fungu la juma gani?"

"La juma lile lile, halijasomwa."

"Na Mzee Nokhem aliahidi jibu lini?"

"Jumamosi ijayo."

"Basi haijafika, juma lile bado halijaisha. Mimi ni mtu wa neno langu. Sitaki nisemwe kwamba nilijibu kabla ya wakati."

Rabi alipitia sheria zote kichwani. Hakuona pa kumshika. Watu wakaenda kula.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya juma lile lile, na baada yake Jumatatu ya juma lile lile. Mwezi wa Shvat ulibaki ulipokuwa. Theluji haikupanda wala kushuka. Slava, aliyekaa benchi moja na Hinda karakanani, alikuwa na mimba ya miezi tisa, akaendelea kuwa nayo. Kikohozi cha Hinda hakikuzidi wala kupungua. Kila Ijumaa mchana alioka mikate ya Sabato, na kila Jumamosi msimamizi alifungua gombo, msomaji akafungua kinywa, kisha wakafunga vyote viwili.

Ni stesheni tu, iliyo nje kidogo ya mji, iliyoendelea kufuata saa za serikali. Treni zilileta magazeti ya mwezi wa tatu, kisha ya mwezi wa saba, kisha ya mwaka mwingine, na ziliondoka na marobota ya singa. Watu waliyasoma magazeti hayo kama mtu anavyosoma habari za nchi ya mbali.

Kwa Bwana Getzel hali haikuwa mbaya. Kabla ya hapo alipoteza siku nane nzima kila Pasaka, karakana imefungwa, wanawake wakisugua vyungu majumbani kwao. Sasa Pasaka haikuja. Theluji ilikuwa nzuri kwa sleji za kubeba magunia. Alichangia kitambaa kipya cha meza ya kusomea, cha mahameli nyekundu, kwa sababu cha zamani kilikuwa kimebonyea mahali mkono wa Keila ulipokuwa. Asubuhi yake na kile kipya kilikuwa kimebonyea.

Barua za Keila zililetwa na treni. Ya kwanza aliiandika akiwa njiani. Ya pili ilitoka kijiji kilicho kando ya mto, ambako aliwafundisha wake za wavuvi kusoma, na tayari walikuwa wameandika malalamiko kuhusu mnunuzi wa samaki. "Dada," alisema katika ya tatu, "hapa mto umeyeyuka mara mbili. Shali yako imeungua pembeni, usinigombeze. Mmepewa saa kumi na mbili?"

Hinda alimjibu: "Bado. Ni Jumamosi ile ile. Shali tutaigombania ukirudi."

Mwaka wa pili kwa hesabu ya stesheni, gazeti liliandika kwamba wachana singa wa miji mitatu ya jirani wamegoma, wakitaja sheria ya malkia na mkono wa mwanamke wa Zabrinka, nao wamepata saa kumi na mbili. Baadaye alikuja mjumbe wao, mtu wa miwani, na mpiga picha. Bwana Getzel aliwapa chai. Mzee Nokhem aliwaonyesha meza.

"Hapa ndipo yote yalipoanzia!" alisema mjumbe, akagusa ile alama kwa kidole kimoja.

Hinda alipewa ruhusa ya robo saa aje kusalimia, kwa masharti ya kuifidia jioni.

"Wewe ndiye dada yake?" mjumbe alimshika mikono yote miwili. "Kwetu watu wanarudi nyumbani na jua bado lipo. Watoto wao hawawatambui!"

"Hongereni," alisema Hinda.

"Na ninyi je?"

"Sisi tutajibiwa Jumamosi ijayo."

Mjumbe aliliandika hilo katika daftari, akapiga mstari chini yake. "Imani ya namna hii!" alimwambia mpiga picha. Hinda alikohoa, akarudi kazini.

Kifurushi kilifika kwa treni ya alasiri, siku ya Jumanne. Ndani mlikuwa na shali, imeungua pembeni na kunuka moshi, na barua ya mfungwa mwenzake. Keila alikufa kwa homa ya matumbo siku ya nne ya mwezi wa Iyar, ule wa baada ya Pasaka, miezi tisa kabla ya kifungo kwisha. Walimzika kwenye kilima kilicho juu ya mto. Wake za wavuvi walikuja wote.

Hinda alikwenda kwa Rabi na shali mkononi. Alitaka kuchana nguo kama afanyavyo aliyefiwa, akae chini siku saba, awashe mshumaa.

Rabi aliisoma barua mara mbili. "Nne Iyar," alisema. "Sasa tuko Shvat."

"Ndiyo, Rabi."

"Iyar haijafika, binti yangu. Huwezi kumlilia mtu kabla hajafa."

"Barua hii hapa. Shali hii hapa."

"Barua imefika mapema," alisema Rabi, akamrudishia. Macho yake yalikuwa mekundu, na hilo pia halikumsaidia mtu. "Lakini ipo njia. Wewe ndiye ndugu yake pekee. Jumamosi panda mezani, useme naliondoa zuio. Tutasoma. Majuma yatatembea, Iyar itafika, nawe utamlilia mdogo wako kama watu wanavyolilia watu wao."

"Na jibu la Bwana Getzel?"

"Shauri likiondolewa halina jibu."

Habari zilifika benchini kabla yake.

"Shoga," alisema Slava, akichana singa juu ya tumbo lake, "usiniangalie mimi. Nimembeba huyu miaka mitatu ya treni, mgongo si wangu tena. Lakini akitoka atakuta nini? Saa kumi na sita. Bora akae humo, ana nafasi kuliko sisi."

"Ungependa kumwona."

"Ningependa. Na wewe ungependa kulia. Tumekuwa watu wa kupenda-penda siku hizi."

Hinda alisimamisha kitana chake.

"Angesemaje Keila?" aliuliza Hinda.

"Angesema tunapiga soga na kitana kimesimama," alisema Slava. "Hapana, huyo ni Bwana Getzel. Keila angekuuliza tu kama umepewa saa kumi na mbili."

Jumamosi sinagogi ilijaa. Wapo waliotaka Pasaka, na wapo waliokuwa na binti mchumba tangu kabla ya zuio. Mwanamume mmoja alikuwa ameanza kuumwa jino asubuhi ya zuio, na lilikuwa bado linamuuma. Hinda alitoka upande wa wanawake, shali mabegani, akapita katikati yao. Walimpisha. Mzee Nokhem alikuwa ameshafungua gombo, na msomaji alikuwa ameshasafisha koo.

Hinda aliweka mkono juu ya mahameli. Uliingia sawasawa katika ile alama, kwa kuwa mikono yao ilikuwa ya mama mmoja.

"Sema tu, naliondoa," Mzee Nokhem alimnong'oneza. "Neno moja."

"Mdogo wangu aliuliza swali," alisema Hinda. "Nimekuja kuchukua jibu lake. Saa kumi na mbili, ndiyo au hapana?"

"Mwanamke, Pasaka yetu!" mtu alipiga kelele nyuma.

"Na jino langu!" alisema mwingine.

"Pasaka yenu iko kwa Bwana Getzel," alisema Hinda. "Na jino pia. Akisema ndiyo mchana huu, jioni mtaona theluji inageuka matope."

Vichwa vyote viligeukia ukuta wa mashariki. Bwana Getzel alisimama, akarekebisha shali yake ya sala. Alisema kwa upole, kama mtu anayeagana na mgonjwa.

"Nitajibu. Neno langu liko pale pale. Jumamosi ijayo."

Watu walitazamana. Ilikuwa kweli kwamba hakuwahi kubadilisha kauli.

"Basi zuio linabaki," alisema Hinda, na akaondoa mkono.

Msomaji alijaribu, kwa sababu ndiyo kazi yake. Kisha wakafunga gombo, wakaenda kuchukua vyungu vyao kwa mwokaji.

Jumapili Bwana Getzel alimpelekea Hinda bata bukini mnene, na salamu kwamba amefurahishwa na uvumilivu wake. Hinda alimwita Slava, wakampika.

"Nimtupe?" aliuliza Hinda, mwiko mkononi.

"Umtupe, amekukosea nini?" alisema Slava. "Mafuta ni mafuta. Nipe paja, sisi tuko wawili."

Hinda alipakua sahani tatu. Mbili zililiwa.

Siku hizi hupanda mezani kila Jumamosi na kuuliza, naye hujibiwa hivyo hivyo, kwa adabu. Husimama pale muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika, mkono ndani ya alama, na hakuna anayemharakisha. Watu kutoka miji mingine huja kwa treni ya Ijumaa ili kumwona, kisha hurudi makwao, kwenye saa zao kumi na mbili. Shali imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, haijachanwa. Mshumaa umo kwenye droo, umefungwa kwa gazeti. Kesho ni Jumapili ya juma la hukumu, na kazi inaanza saa kumi na moja alfajiri.